Utafiti unaoacha watu nje hutoa majibu yenye kasoro: tujadili ujumuishi na ufikivu kwenye sayansi

Darubini (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila ujumuishi unapotajwa kwenye mambo ya utafiti, mazungumzo huishia kwenye huruma au kwenye nafasi za upendeleo. Wanaounga mkono husema ni suala la haki, wanaopinga husema sayansi isichanganywe na siasa. Haki ipo na ina uzito wake, sibishi. Ila kuna jambo pande zote mbili huliruka: utafiti ukiacha watu nje, jibu lake linakuwa na kasoro, na kasoro hiyo haionekani kwa sababu wale ambao wangeifichua hawamo kwenye data. Leo nataka tuzungumzie usahihi.

Nianze na oksimita, kile kibanio kinachovishwa kwenye ncha ya kidole kupima oksijeni ya damu. Ndani yake kuna taa mbili ndogo, moja nyekundu na nyingine ya infraredi ambayo jicho haliioni. Upande wa pili kuna kihisi kinachopokea mwanga uliopenya kidole. Damu yenye oksijeni ya kutosha huuachia mwanga mwekundu upite kwa wingi, iliyopungukiwa huufyonza. Kifaa kinalinganisha mianga hiyo miwili, kisha kinaitafsiri kwa kutumia vipimo vya watu waliojitolea wakati kinatengenezwa. Sasa, melanini, yaani kiini kinachoipa ngozi rangi yake, nayo inafyonza mwanga, na wengi wa waliojitolea walikuwa na ngozi nyeupe.

Mwaka 1990 tayari makala ya kitabibu ilionya kuwa kifaa hiki kinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Mambo yakaendelea vilevile. Desemba 2020, katikati ya korona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakalinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya ateri. Pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, yaani hali isiyotisha, damu yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe, na asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Ni mara tatu. Mtu wa namna hiyo anaweza kurudishwa nyumbani huku anaishiwa pumzi, eti kioo kimesema yuko sawa. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ilitoa tahadhari Februari 2021, na rasimu ya mwongozo unaotaka vifaa hivi vijaribiwe kwa watu wa rangi nyingi zaidi za ngozi ikaja Januari 2025. Hesabuni wenyewe kuanzia 1990.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu hakuna aliyeukusudia. Kwenye kipimo cha EEG, elektrodi, yaani vihisi vidogo vya umeme, lazima ziguse ngozi ya kichwa ndipo zinase umeme wa ubongo. Kofia za kipimo hicho zilibuniwa kwa nywele laini zilizolala. Nywele nzito za kipilipili huiinua elektrodi, ishara inajaa kelele, yaani usumbufu usiotoka kwenye ubongo, na mwisho wa siku mshiriki anaandikwa kwenye daftari kuwa ametolewa kwa "ishara mbovu". Kwenye makala hutaona popote pameandikwa kwamba watu weusi waliachwa nje. Utaona tu sampuli iliyopungua kidogo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne, akaja na njia: nywele zisukwe mistari inayofuata nafasi za elektrodi kwenye kichwa, kisha kibanio maalumu kiingie chini ya misuko na kuikandamiza elektrodi kwenye ngozi. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2020. EEG ya binadamu ilianza kupimwa miaka ya 1920.

Swali langu kwenu mnaofanya utafiti, wa fani yoyote: ni wapi mmeona watu wakiachwa nje bila yeyote kukusudia, na mlifanya nini?

Mchambuzi Huru

Mkuu, mifano yako ni mizito na sina ubishi nayo. Ila hiyo ni kasoro ya vifaa. Kifaa kibovu kitengenezwe, basi. Kinachonitia shaka ni pale hoja inaporuka kutoka kwa wanaopimwa kwenda kwa wanaopima. Mlinganyo haujali nani kauandika. Mtafiti apimwe kwa kazi yake, awe mwanamke au mwanaume, anaona au haoni. Ukianza kutazama mengine unaharibu ushindani.

Darubini (mleta uzi)

Mchambuzi Huru, nakubaliana nawe kwamba mtafiti apimwe kwa kazi yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi hatupimwi hivyo, na hili limejaribiwa.

Muda wa kutumia darubini ya anga ya Hubble hugombewa na wanaastronomia wengi kuliko nafasi zilizopo. Kwa miaka mingi mapendekezo yaliyoongozwa na wanaume yalikuwa yakikubaliwa kwa kiwango cha juu kidogo kuliko ya wanawake. Mwaka 2018 waliacha kuwaonyesha wahakiki majina ya waombaji, na waombaji wakatakiwa waandike bila kujitambulisha. Mwaka huohuo kiwango cha wanawake kilipita cha wanaume. Hakuna aliyepewa nafasi maalumu. Kilichoondolewa ni jina tu, na mjadala wa wahakiki ukabaki kwenye sayansi iliyopendekezwa. Hicho ndicho unachokidai wewe.

Kuhusu wanaopimwa na wanaopima, angalia kisa cha jeni ya PCSK9. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waligundua kwamba mabadiliko fulani ya jeni hiyo hupandisha kolesteroli mbaya. Kule Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen walikuwa na utafiti wa moyo ambao kwa makusudi ulipangwa hivi kwamba takribani nusu ya washiriki wawe Wamarekani weusi. Wakauliza swali la kinyume: je, kuna watu ambao jeni hii imezimika? Wakawapata. Takribani asilimia 2 ya washiriki weusi walikuwa na mabadiliko yanayoizima, ambayo kwa weupe ni nadra mno. Mwaka 2006 ikachapishwa kwamba weusi wenye mabadiliko hayo, waliofuatiliwa kwa miaka 15, walikuwa na kolesteroli mbaya pungufu kwa asilimia 28 na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Dawa zinazoiga hali hiyo ziliidhinishwa mwaka 2015, na leo zinatumiwa na watu wa kila rangi.

Sampuli ile ingekuwa ya weupe watupu, ishara hiyo ingepotea kwenye kelele. Na bado hatujajifunza: hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 78 ya walioshiriki tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya, asilimia 10 Asia, na asilimia 2 tu Afrika. Bara lenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko lolote lingine ndilo linaloangaliwa kidogo namna hiyo. Mtu anayetafuta dhahabu hafanyi hivyo.

NuktaNundu

Salamu kwenu. Mimi sioni, na nafanya utafiti. Nashukuru uzi huu umeanzia kwenye usahihi, kwa sababu nimechoka kusikia "tunawasaidia".

Niwaeleze makala ya kisayansi inavyofika kwangu. Natumia programu ya kusoma skrini. Nafungua PDF, programu inaanza na namba ya ukurasa, jina la jarida, nusu ya sentensi kutoka safu ya kushoto, halafu inarukia safu ya kulia kwa sababu faili halikuwekewa mpangilio wa usomaji. Nafika kwenye mlinganyo: inasoma herufi zilizotawanyika, kipeo na msingi vyote sawa, sijui kipi kiko juu ya kipi. Nafika kwenye jedwali: namba, namba, namba, bila vichwa vya safu. Nafika kwenye grafu ambayo ndiyo moyo wa makala: "picha". Basi. Mwandishi ametumia miaka kupata grafu ile, na kwangu imekuwa neno moja.

Kila kimoja kati ya hivyo kina dawa. Maelezo ya picha huandikwa kwa sentensi mbili tatu: mihimili ni ipi, mstari unaelekea wapi, tofauti kubwa iko wapi. Milinganyo ikiwekwa kwenye ukurasa wa wavuti kwa njia sahihi, programu inaisoma vizuri. arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za sayansi, walianza kutoa makala mpya katika HTML, muundo wa kurasa za wavuti, mwishoni mwa 2023, na kwangu mimi lile lilikuwa jambo kubwa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia. Na wekeni data ghafi. Mkinipa faili la namba, nitaitengeneza grafu yangu mwenyewe kwa sauti.

Ndiyo, kwa sauti. Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia kutoka Puerto Rico, alipoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi, akaanza kugeuza data za anga kuwa sauti ili aendelee na kazi. Utafiti wake ulionyesha kuwa hata wanaoona, wakipewa sauti pamoja na grafu, hutambua vizuri zaidi ishara iliyozama kwenye kelele. Kitu kilichoanza kwa ajili ya mtu mmoja kimeongeza uwezo wa wote.

Mwingine ni Geerat Vermeij, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 3 na kuwa bingwa wa konokono wa baharini na visukuku vyao. Anayasoma magamba kwa ncha za vidole. Anapapasa mpaka anafika kwenye kovu: hapa kaa alijaribu kulivunja gamba, mnyama akanusurika, akaliziba. Makovu ya namna hiyo ni sehemu ya ushahidi aliojengea hoja yake kuhusu vita ya mamilioni ya miaka kati ya wawindaji na mawindo, iliyoyafanya magamba yazidi kuwa magumu. Mchambuzi Huru, mlinganyo kweli haujali nani kauandika. Ila swali lenyewe linatokana na mtu, na vidole vyake vilimfikisha kwenye maswali ambayo wengi wangeyapita.

Takwimu Kwanza

Naomba niongeze angalizo, maana kuna njia ya kujumuisha watu isiyosaidia kitu.

Baada ya maafa ya thalidomide, dawa iliyosababisha watoto kuzaliwa na viungo vyenye kasoro, mwaka 1977 FDA ilipendekeza wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kulinda. Matokeo yake, kwa miaka mingi ujuzi wa jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini ukajengwa zaidi juu ya miili ya wanaume. Pendekezo hilo liliondolewa mwaka 1993, na mwaka huohuo sheria ya Marekani ikaagiza tafiti za kitabibu zinazogharimiwa na NIH, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, zihusishe wanawake na makundi ya wachache. Lakini tazama dawa ya usingizi zolpidem: iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, na ni Januari 2013 ndipo FDA iliposhusha dozi ya kuanzia ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa dawa polepole zaidi na asubuhi walikuwa wakiendesha magari dawa ikiwa bado imo kwenye damu. Ni miaka ishirini na zaidi.

Kumwingiza mwanamke kwenye jaribio na kuichambua data yake ni vitu viwili tofauti. Ukiwa na washiriki 200 na 12 kati yao ni wa kundi fulani, umeandika "tulijumuisha" lakini huwezi kusema lolote la uhakika kuhusu wale 12. Na kujua iwapo dawa inafanya kazi tofauti kati ya makundi mawili ni kazi kubwa: hata makundi yakiwa sawa, kama tofauti unayoitafuta inalingana kwa ukubwa na athari yenyewe, unahitaji sampuli mara 4 hivi ya ile ya kuipima athari peke yake. Kwa hiyo ama uongeze sampuli ya kundi dogo kwa makusudi kama walivyofanya Dallas, ama useme wazi kwamba swali hilo hukulijibu.

Na kitu kimoja cha bure kabisa. Kwenye mchoro wa mtiririko wa washiriki, ule unaoonyesha wangapi walialikwa, wangapi waliondolewa na kwa nini, gawanyeni namba hizo kwa makundi. "Waliondolewa 9 kwa ishara mbovu" haisemi kitu. "Waliondolewa 9, na 8 kati yao walikuwa na nywele za kipilipili" ingetosha kulifichua tatizo la EEG mapema kabisa.

Mchambuzi Huru

Hoja ya Hubble imenifikia, na ya Vermeij pia. Nabaki na jambo moja. Kuna tafiti zinazowaalika watu wa makundi hayo na wenyewe hawaji. Wanaogopa, au hawana imani na watafiti. Hapo lawama ni ya nani?

Dodoso

Ndugu yangu, kabla ya kuuliza kwa nini hawaji, uliza walipokuja mara ya kwanza walitendewaje.

Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu ya watu wa kabila la Havasupai, wanaoishi ndani ya bonde kuu la mto Colorado. Kabila hilo lilikuwa limeelemewa na kisukari na lilitaka msaada. Damu ile ikaja kutumika pia kwenye tafiti za skizofrenia (ugonjwa wa akili), za kuoana ndani ya ukoo, na za asili ya kabila na kuhama kwake, mambo ambayo wenyewe wanasema hawakuyaridhia na baadhi yake yanagongana na imani yao kuhusu walikotoka. Walishtaki. Mwaka 2010 chuo kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Wazee wakalia juu ya vichupa vya sampuli za damu, kwa kuwa baadhi ya wenye damu hiyo walikuwa wameshafariki.

Mtu wa jamii hiyo akikukatalia leo, huyo ni mtu anayekumbuka. Huwezi kumwita mjinga.

Wapo waliogeuza kumbukumbu hiyo kuwa utaratibu. Wasan wa Afrika Kusini, jamii ya wenyeji wa asili ambao wamepimwa na kupigwa picha na watafiti kwa vizazi, walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti mwaka 2017. Wanataka heshima, ukweli, haki, kujali, na utaratibu unaofuatwa: mtafiti alete pendekezo kwanza, aseme faida inakwenda kwa nani, na arudishe matokeo. Ukisoma kanuni zile utaona hazidai jambo lolote ambalo mtafiti mwaminifu angeshindwa.

Kwenye kazi yangu ya kukusanya data nimeona kitu kimoja kinachorudia kila mahali: fomu ya ridhaa ndiyo mlango wa kwanza unaofungwa. Kurasa nyingi, sentensi ndefu za kisheria, maandishi madogo. Asiyesoma, asiyeona, kiziwi anayetumia lugha ya alama, mwenye ulemavu wa akili, wote wanabaki nje kabla hata utafiti haujaanza, na kwenye ripoti panaandikwa "hawakukidhi vigezo". Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, mmoja kati ya kila sita. Huwezi kumweka nje mmoja kati ya sita halafu ukasema sampuli yako inawakilisha umma.

Ridhaa inaweza kutolewa kwa sauti iliyorekodiwa, kwa video ya lugha ya alama, kwa maneno mepesi na michoro, na kwa kumwomba mtu akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Jopo la maadili likiombwa mapema, linaweza kuyapitisha haya yote.

Benchi la Maabara

Mimi ni fundi wa maabara, nitasema machache. Meza zimefungwa kwa urefu mmoja, wa mtu aliyesimama. Bomba la kunawia macho liko mahali ambapo aliye kwenye kiti cha magurudumu halifikii, na hilo ni suala la uhai. King'ora cha moto ni sauti tupu. Kiziwi aliye peke yake kwenye chumba cha baridi hajui kama jengo linaungua. Taa inayomwekamweka kando ya king'ora ni kazi ndogo ya fundi umeme. John Cornforth alipata Nobel ya kemia mwaka 1975 akiwa kiziwi kabisa tangu ujana, kwa hiyo mtu asiniambie maabara si mahali pao.

Halafu rangi. Takribani mwanaume 1 kati ya 12 mwenye asili ya Ulaya kaskazini hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na bado picha za hadubini zinachapishwa kwa rangi hizohizo mbili zikipishana. Tumieni majenta (waridi iliyokolea) na kijani. Matplotlib, programu ya kuchora grafu, ilibadilisha rangi zake za msingi kwenye toleo la 2.0 la mwaka 2017, ikaweka viridis, mpangilio wa rangi ambao unasomeka hata ukiichapisha nyeusi na nyeupe.

Mtafiti Mchanga

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Naandika pendekezo langu la kwanza la ruzuku na fedha ni chache. Kama siwezi kufanya yote, nianzie wapi? Na kuna suala la lugha halijaguswa: kusoma na kuandika makala kwa Kiingereza kunanimaliza.

Darubini (mleta uzi)

Marahaba. Nianze na lugha, maana umelitaja vizuri. Utafiti wa mwaka 2023 uliowahoji wanasayansi wa mazingira 908 kutoka nchi 8 ulionyesha kuwa wasiozaliwa na Kiingereza, hasa wanaoanza kazi, hutumia muda mrefu zaidi kusoma makala moja, kwa baadhi yao karibu mara mbili, na makala zao hukataliwa kwa sababu ya lugha mara 2 na nusu hivi zaidi. Hilo si tatizo lako binafsi. Na hasara inarudi kwenye sayansi yenyewe: kundi hilohilo lilionyesha mwaka 2021 kuwa ukiongeza tafiti zisizo za Kiingereza, ushahidi wa uhifadhi unapanuka kwa asilimia 12 hadi 25 kwa maeneo, na asilimia 5 hadi 32 kwa spishi. Kuna wanyama ambao uthibitisho wa namna ya kuwaokoa umeshaandikwa, ila kwa lugha ambayo wahakiki hawakuifungua. Kwa hiyo unapopitia maandiko, tafuta pia kwa lugha nyingine unazozijua, na muhtasari wa makala yako utoe kwa lugha ya washiriki wako.

Kuhusu pa kuanzia: soma vigezo vyako vya kumwondoa mshiriki, kimoja kimoja. Kwa kila kimoja jiulize kama kinalinda usalama wa mtu, au kinalinda jibu, au kipo tu kwa sababu ulikinakili kutoka pendekezo la mwingine. Hicho cha tatu kifute. Haigharimu chochote, na nadhani ndicho kinachorudisha watu wengi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Takwimu Kwanza

Na bajeti iandike sasa, usingoje ruzuku itoke. Weka mstari unaojitegemea wa mkalimani wa lugha ya alama, usafiri wa mshiriki na msaidizi wake, na muda wa ziada wa mahojiano. Ukiuficha ndani ya "gharama nyinginezo" utakatwa wa kwanza. Maelezo yawe mafupi: bila fungu hili sampuli itapotoka, na utaje itapotoka kuelekea upande gani.

NuktaNundu

Ongeza mstari wa kuwalipa watu wachache wenye ulemavu walijaribu dodoso kabla halijaenda kwa washiriki. Kulipa, si kuomba hisani, maana ni kazi ya kitaalamu. Kama dodoso lako ni la mtandaoni, Mtafiti Mchanga, jaribu leo kulijaza lote kwa kibodi tu, bila kugusa kipanya. Pale utakapokwama ndipo na mimi nitakapokwama. Ukimaliza nitumie kiungo kwenye ujumbe binafsi, nitalipitia kwa programu yangu na kukuandikia kila mahali iliponyamaza.